Ni nyonga au ni kiuno? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wagonjwa wanne wanaweza kufika kliniki ya viungo asubuhi moja, wote wakasema wanaumwa kiuno, na kila mmoja akaweka mkono mahali pake. Mmoja hushika mgongo juu kidogo ya mkanda, wa pili hushika kalio, wa tatu hushika ubavu wa paja, na wa nne hubonyeza kinena. Inawezekana kabisa kwamba hayo ni maradhi manne tofauti. Yule wa nne asipoombwa aonyeshe kwa kidole panapouma, anaweza kutibiwa mgongo kwa miaka ilhali kinachoharibika ni nyonga. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili yake zaidi ya wengine.

Kwa nini maumivu haya huchanganywa mara nyingi hivi?

Sababu ya kwanza ni lugha yenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku kiuno ni sehemu yote inayofungwa kanga au mkanda na inayochezeshwa ngomani, kwa hiyo neno hilo moja hubeba mgongo wa chini, mifupa ya pembeni na hata makalio. Nyonga nayo wengi huitumia kwa ule mfupa mpana unaoshikika pembeni chini ya mkanda, wakati daktari anaposema nyonga anakusudia kiungo kilichojificha ndani zaidi na mbele zaidi.

Sababu ya pili imo mwilini. Neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia nyonga, paja na goti zote huchipuka kutoka uti wa mgongo wa chini. Taarifa ya maumivu inapopanda kuelekea kwenye ubongo kupitia njia hizo za pamoja, ubongo hauwezi kila mara kutambua imeanzia wapi, na ndiyo maana mgongo ulioumia unaweza kuhisiwa kwenye kalio, na nyonga iliyolika ikahisiwa kwenye goti.

Kiungo cha nyonga hasa kiko wapi?

Kiko nyuma ya katikati ya mkunjo wa kinena. Hapo kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, huingia katika kikombe kilichochongeka ndani ya fupanyonga, na vyote viwili vimefunikwa gegedu laini linaloviwezesha kuteleza. Ule mfupa unaouegemeza mkono unaposimama mikono kiunoni ni ukingo wa juu wa fupanyonga. Uko mbali na kiungo hicho. Kiuno kwa maana ya kitabibu ni pingili 5 za chini za uti wa mgongo, kati ya mbavu na mfupa wa chini unaopakana na makalio, pamoja na diski (mito laini iliyo kati ya pingili), misuli na vifundo vidogo vinavyoziunganisha.

Maumivu ya kiungo cha nyonga hujitambulishaje?

Alama yenye thamani kubwa kuliko zote ni kinena. Maumivu yanayotoka ndani ya kiungo chenyewe hukaa kwenye kinena na mbele ya paja, wakati mwingine kwenye kalio, na mara nyingi huishia gotini. Wagonjwa wengi wa namna hii, wakiombwa waonyeshe, huukumbatia ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vidole vingine vikielekea kinena, kana kwamba wanataka kuonyesha kwamba maumivu yako katikati ya mkono huo, ndani kabisa.

Alama ya pili ni kazi zinazoshindikana. Nyonga inapoanza kulika, mzunguko wa kwanza kupungua ni ule wa kuligeuza paja kwa ndani, na baadaye kukunja na kutanua. Hapo mtu huanza kushindwa kuvaa soksi na kufunga kamba za viatu, kukata kucha za miguu, kupanda bodaboda kwa kuvusha mguu, kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani kwa kukunja miguu, au kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Anayeswali huona shida katika kikao cha tahiyatu kabla hajaona shida ya kutembea. Mambo haya huanza taratibu, na watu huyaita uzee, lakini mgongo peke yake kwa kawaida haumzuii mtu kutanua mapaja. Ikiwa umeacha kukaa juu ya mbuzi kwa sababu paja halitanuki, hiyo ni taarifa muhimu kuliko picha nyingi.

Alama ya tatu ni mwendo. Mwenye nyonga mbovu huchechemea kwa kuuegemeza mwili upande unaouma kila anapoukanyagia mguu huo, kwa sababu kuegemea huko hupunguza mzigo unaobebwa na kiungo. Hatua za kwanza baada ya kukaa muda mrefu huwa ngumu kuliko zote, kisha kiungo hulegea, kisha baada ya mwendo mrefu maumivu hurudi.

Na maumivu ya kiuno?

Haya hukaa kati ya mbavu za mwisho na mikunjo ya makalio, katikati au upande mmoja, na hubadilika kufuatana na jinsi mgongo unavyopindwa: huzidi mtu anapoinama kupalilia kwa jembe la mkono, anaponyanyua ndoo ya maji, anapokaa garini kwa saa nyingi, au anapogeuka kitandani. Mgongo hukakamaa asubuhi, lakini ukiwa umelala chali mwenzako anaweza kulizungusha paja lako bila kukuumiza.

Kwa watu wengi sana, karibu 9 katika kila 10, hakuna ugonjwa maalumu unaopatikana. Misuli, kano na vifundo vya mgongo vimechoka au vimeteguka, na hali hutulia kadiri wiki zinavyopita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na hakuna hali nyingine inayowalemaza watu wengi kuliko hiyo duniani. Wingi huo ni sababu nyingine ya kusahauliwa kwa nyonga: mtoa huduma aliyezoea kuona migongo kutwa nzima hutarajia kuona mgongo mwingine.

Maumivu yangu yanashuka mguuni. Je, lazima yawe ya mgongo?

Hapana. Swali la kujiuliza ni yanashuka hadi wapi na yana ladha gani. Neva inayobanwa na diski iliyotokeza, hali inayoitwa siatika, huleta maumivu makali kama ya umeme au moto, yanayopita nyuma ya paja, kuvuka goti na kufika kwenye shavu la mguu au unyayo. Mara nyingi hufuatana na ganzi, sindanosindano au udhaifu wa kidole gumba cha mguu, na huruka juu mtu anapokohoa, anapopiga chafya au anapojikamua chooni. Diski zinazotokeza karibu zote ni mbili za mwisho, na neva zake ndizo zinazoelekea chini ya goti. Maumivu ya nyonga yana ladha ya kidonda kirefu kinachouma polepole, hupita mbele ya paja, na mara chache huvuka goti. Hayaleti ganzi.

Kuna ubaguzi mmoja unaostahili kujulikana. Neva zinazotoka juu zaidi, kwenye pingili ya pili na ya tatu ya kiuno, huenda mbele ya paja na kinena, hivyo zikibanwa hufanana sana na nyonga. Hapo mzunguko wa paja ndio unaoamua: ukiwa kamili na hauumi, rudi uutazame mgongo.

Kwa wazee ipo pia hali ya mfereji wa uti wa mgongo kuwa mwembamba. Mzee hutembea hatua kadhaa, miguu yote miwili ikawa mizito na kuuma, naye hulazimika kuinama au kukaa ndipo apate nafuu. Akisukuma baiskeli au mkokoteni huku ameinama anaweza kwenda mbali, na kupanda mlima humsumbua kidogo kuliko kushuka. Nyonga haina tabia hiyo. Yenyewe hujali uzito iliobebeshwa, si mgongo umeinama au umenyooka.

Goti langu linauma lakini eksirei ya goti haionyeshi kitu. Kwa nini niulizwe kuhusu nyonga?

Kwa sababu neva zilezile zinazotoa matawi kwenye nyonga hutoa matawi pia kwenye goti. Wapo watu ambao nyonga yao imelika kabisa na hawaumwi pengine popote isipokuwa goti. Anayepima goti bila kuizungusha nyonga amepima nusu ya tatizo.

Siwezi kulalia ubavu wa upande unaouma. Hiyo ni nyonga?

Ni jirani wa nyonga. Ukipapasa ubavu wa paja juu, utakuta nundu ya mfupa ambapo kano za misuli ya makalio zinajishikiza. Kano hizo zikichakaa, maumivu hukaa pale pembeni, hushuka ubavuni mwa paja, huzidi unapopanda ngazi au unaposimama kwa mguu mmoja, na kidole kikibonyeza nundu hiyo mgonjwa huruka. Wanaopatwa zaidi ni wanawake wa kati ya miaka 40 na 60. Kiungo chenyewe kwa kawaida ni kizima. Kuweka mto katikati ya magoti unapolala, kuacha kukaa umevusha mguu mmoja juu ya mwingine, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya makalio chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia huwasaidia wengi bila upasuaji.

Mimi ni mjamzito na panauma chini ya kijishimo cha mgongoni. Hapo ni wapi?

Vile vijishimo viwili vilivyo juu ya makalio vinakaa karibu na kiungo kinachounganisha mwisho wa uti wa mgongo na fupanyonga. Wakati wa ujauzito kano za eneo hilo hulegea ili kuandaa njia ya mtoto, na kiungo kikaanza kuuma upande mmoja, hasa mama anapogeuka kitandani, anapopanda daladala au anaposimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Ni maumivu ya eneo la tatu, si ya kiuno wala si ya nyonga. Mjulishe mkunga wako kliniki. Yapo mazoezi na namna za kugeuka kitandani zinazopunguza adha hiyo, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua.

Kuna vipimo ninavyoweza kujifanyia nyumbani?

Vipo vitatu ambavyo wataalamu pia huvitumia. Havitoi hukumu, lakini vinakupa neno la kwenda nalo kwa daktari. Usivifanye ikiwa umeanguka hivi karibuni, ikiwa huwezi kukanyaga, ikiwa una homa, au ikiwa umewahi kuwekewa nyonga bandia.

Cha kwanza ni cha kuzungusha paja. Lala chali juu ya mkeka. Mwenzako akunje mguu wa upande unaouma hadi paja lisimame wima na goti likunjike kama pembe ya meza, kisha, akiwa ameshika goti lisiyumbe, auvute unyayo polepole kuelekea nje, mbali na mguu wa pili. Kitendo hicho kinauzungusha mfupa wa paja kwa ndani. Kikiamsha maumivu yaleyale unayoyajua, kwenye kinena, au mguu ukakwama mapema kuliko ule mwingine, ishuku nyonga.

Cha pili ni cha kunyanyua mguu ulionyooka. Ukiwa bado chali, mwenzako aunyanyue mguu unaouma bila kukunja goti. Wengi watahisi kuvutwa nyuma ya paja, na huko ni kuvutwa kwa misuli tu. Ikiwa mguu haujafika hata nusu ya kusimama wima na tayari umeme umeshuka kupita goti hadi kwenye shavu la mguu, neva inavutwa kutoka mgongoni.

Cha tatu ni kukunja nne, namna ileile ambayo wazee hukaa kibarazani. Ukilala chali, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha liache goti lililokunjwa lidondoke taratibu upande. Maumivu ya kinena yanaelekeza kwenye nyonga. Maumivu ya nyuma, karibu na kile kijishimo, yanaelekeza kwenye kiungo cha mwisho wa mgongo. Linganisha pande zote mbili kila mara, kwa sababu wapo watu wasioweza kukunja nne tangu ujana wao na hawaumwi chochote.

Je, nyonga na kiuno vinaweza kuuma kwa pamoja?

Ndiyo, na hali hiyo ni ya kawaida kwa watu wazima kiasi kwamba ilipewa jina lake katika maandiko ya kitabibu mwaka 1983. Nyonga iliyokakamaa hainyooki vizuri kurudi nyuma wakati wa kutembea, kwa hiyo mgongo wa chini hulazimika kujipinda zaidi ili kufidia, na baada ya muda nao huanza kuuma. Wengine hufanyiwa upasuaji wa mgongo na maumivu yakabaki palepale kwa sababu chanzo kilikuwa nyonga, na wapo waliobadilishwa nyonga na maumivu ya kiuno yaliyowatesa miaka mingi yakapungua. Daktari anapokuwa na shaka anaweza kuchoma dawa ya ganzi ndani ya kiungo cha nyonga kwa kuongozwa na picha. Maumivu yakitoweka kwa saa chache, nyonga ndiyo iliyokuwa ikiuma. Kwa maoni yangu, mgonjwa yeyote mwenye dalili za pande zote mbili anayo haki ya kuuliza juu ya kipimo hicho kabla ya kukubali kisu mgongoni.

Nina selimundu na ninaumwa kinena. Nisubiri kipite kama vipindi vingine vya maumivu?

Tafadhali usisubiri. Swali hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na Uganda na Kongo nazo zina mzigo mkubwa. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa midogo ya damu isiyo na akiba kubwa. Chembe nyekundu zilizojikunja kama mundu huiziba mishipa hiyo, sehemu ya mfupa hukosa damu na kufa, na kichwa kilichokuwa mviringo hubonyea kama embe lililooza upande mmoja. Kijana wa miaka 20 anabaki na nyonga ya mzee wa miaka 80.

Mtego wake ni kwamba mgonjwa wa selimundu amezoea maumivu ya mifupa, hospitali nayo imezoea kumpa dawa ya maumivu na maji, na maumivu ya nyonga hujificha ndani ya mazoea hayo. Tofauti iko katika mwenendo wake. Kipindi cha kawaida cha maumivu huja na kuondoka, na huhama sehemu. Nyonga inayokufa hubaki palepale, kinenani, kwa wiki na miezi, huzidi kwa kukanyaga, na huleta kuchechemea. Jambo la pili la kujua ni kwamba eksirei ya mapema inaweza kuonekana safi kabisa, wakati kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, tayari kinaona uharibifu. Hatua ya mapema ina njia zaidi za kuuhifadhi mfupa. Kichwa kikishabonyea, njia zinabaki chache.

Mfupa hufa kwa njia hiyohiyo kwa watu waliotumia dawa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa wingi au kwa muda mrefu, kwa wanywaji wa kupindukia, na kwa watu wanaoishi na VVU zaidi ya wasio navyo. Kuhusu steroidi ni lazima niongeze tahadhari: katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa dawa za viungo zinazouzwa kama mitishamba huku zimechanganywa na steroidi kwa siri. Dawa isiyo na maelezo, inayoondoa maumivu yote kwa siku mbili na kuvimbisha uso kwa mwezi mmoja, ni ya kuogopwa.

Jirani ananiambia ni figo, mwingine ananiambia ni UTI, mwingine ngiri. Nimsikilize nani?

Kila mmoja ana punje ya ukweli. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu upande mmoja, na hayabadiliki unapogeuka au kuinama. Jiwe kwenye figo huleta maumivu ya mawimbi yanayomfanya mtu ashindwe kutulia na huweza kushuka hadi kinenani. Maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, huambatana na kuwashwa wakati wa kukojoa, na yakipanda kwenye figo huleta homa na baridi. Kumpa antibiotiki ya UTI kila anayesema kiuno kinauma, bila hata kupima mkojo, ni kosa linalochelewesha matibabu na kuzoesha vijidudu dawa. Ngiri ya kinena ni uvimbe unaotokeza mtu anapokohoa au kunyanyua kitu na kurudi anapolala. Kwa wanawake, maambukizi na uvimbe wa viungo vya uzazi nao huumiza kinena na kiuno, hasa panapokuwa na uchafu usio wa kawaida, kutokwa damu nje ya siku au maumivu wakati wa tendo la ndoa.

Maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni yana maana gani?

Yana maana ya kwenda kupimwa bila kungoja. Kifua kikuu hakiishii kifuani. Kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo, kikazila polepole, huku mgonjwa akitoka jasho usiku na kupungua uzito, na si lazima awe na kikohozi. Usaha wake unaweza kuteremka ndani ya msuli unaotoka mgongoni hadi kinenani, na mgonjwa akashindwa kunyoosha paja, hivi kwamba kila mtu anaitazama nyonga ilhali ugonjwa uko mgongoni. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi upo pia ugonjwa wa bruselosi, unaopenda sana uti wa mgongo na viungo vya fupanyonga. Yote mawili yana dawa, na yote mawili hulemaza yakicheleweshwa.

Mtoto wangu anachechemea. Ni mgongo?

Kwa mtoto, ianze nyonga, hata kama anashika goti. Akiwa na homa na hataki kukanyaga, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo cha nyonga unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Bila homa bado achunguzwe ndani ya siku chache: watoto wa takribani miaka 4 hadi 8 hupata ugonjwa wa kichwa cha paja kukosa damu, na walio katika kipindi cha kukua haraka, hasa wenye uzito mkubwa, kichwa hicho huweza kuteleza kutoka mahali pake.

Bibi ameanguka bafuni na mguu umegeukia nje.

Mguu uliofupika na unyayo kugeukia nje baada ya kuanguka ni dalili ya kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Msimsimamishe, msimkande wala msimpeleke kwa mvuta mifupa. Mlazeni chali, mguu uegemezwe kwa mito pande zote mbili, mtafute gari atakalolala humo, na mwende hospitali yenye upasuaji wa mifupa. Kila siku ya kulala bila matibabu humletea hatari ya vidonda, nimonia na damu kuganda.

Ni dalili gani za mgongo zisizosubiri hadi kesho?

Ganzi kati ya mapaja, kwenye sehemu ambayo mtu angekalia tandiko la punda. Mkojo kukwama au kutoka bila kujijua. Kinyesi kutoka bila kujizuia. Na miguu yote miwili kudhoofika ghafla. Hizo ni dalili za kubanwa kwa kifungu cha neva mwishoni mwa mgongo, na saa zina maana. Nenda usiku huohuo. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, hasa ya tezi dume au ya matiti, naye asiyachukulie maumivu mapya ya mgongo au nyonga kama uchovu, hususan yanayomwamsha usiku.

Nifanye eksirei au MRI?

Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari, kwa kawaida hakuna haja ya picha katika wiki za mwanzo. MRI ya mgongo huonyesha diski zilizochakaa hata kwa wasioumwa: kwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu, karibu 37 katika 100 wanazo, na kwa wa miaka 80 karibu 96. Mtu mwenye nyonga mbovu akianza na MRI ya mgongo, karibu kila mara kitaonekana kitu, na kitu hicho kitabebeshwa lawama isiyo yake. Kwa maumivu ya kinena yanayodumu, eksirei ya fupanyonga inayoonyesha nyonga zote mbili ni mwanzo mzuri na ni nafuu kuliko MRI. Kama eksirei ni safi na maumivu yanaendelea, ndipo MRI ya nyonga inapokuwa na kazi.

Sindano ya diklofenaki inanipa nafuu. Kwa nini nisiendelee nayo?

Kwa sababu huondoa maumivu ya nyonga na ya mgongo bila kutofautisha, na hivyo haikuambii chochote, huku ikiweza kuchimba vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kwa siku chache, kwa ushauri wa daktari, ina nafasi yake. Kuinunua duka la dawa kila wiki kwa mwaka mzima hakuna.

Nipumzike kitandani?

Kwa kiuno, hapana. Siku mbili za mwanzo za kupunguza kazi zinatosha, kisha kutembea na kurudi kwenye shughuli polepole. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno inapendekeza elimu na mazoezi, na haipendekezi mikanda ya mgongo wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Kwa nyonga iliyolika, mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza uzito husaidia kweli. Kwa nyonga yenye mfupa unaokufa au unaoshukiwa kuvunjika, punguza kukanyaga hadi upimwe.

Nyonga ikishaharibika kabisa?

Hubadilishwa. Mwingereza John Charnley aliuweka upasuaji huo kwenye msingi wake wa kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Hapa kwetu hufanyika, miongoni mwa hospitali nyingine, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Kikuyu, Kenya.

Nimwambie nini daktari ili asikosee?

Usianze na neno kiuno wala nyonga. Weka kidole panapouma zaidi, kisha chora kwa kidole hichohicho njia ambayo maumivu yanapita na mahali yanapoishia. Taja kazi mbili zilizokushinda na tangu lini. Sema kama kuna ganzi, kama kikohozi kinaongeza maumivu, kama kuvaa kiatu kumekuwa kugumu. Sema kama una selimundu, VVU, kisukari, au kama umewahi kutumia steroidi. Na ikiwa amemaliza kukupima bila kulizungusha paja lako, mwombe kwa adabu: "Daktari, naomba uniangalie na nyonga."

Fimbo nishike mkono gani?

Mkono wa upande usiouma. Fimbo iende mbele pamoja na mguu mbovu, ndipo inapoipunguzia nyonga mzigo.